Pole Iliyotangulia Msiba

Asubuhi ile majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine, wifi yangu, ambaye kwao ni huko, alikuwa zizini anakamua. Kaka yangu ndiye aliyesikia kwanza kwenye simu, akashuka kupitia migombani akamwambia. Mimi nina kibanda cha mitumba Kiboriloni. Nilifunga, nikapanda Machame, na nilipofika mchana nilikuta ua umejaa watu. Wanawake wa jumuiya walikuwa wameshawasha moto nyuma ya jiko, mtori unachemka kwenye sufuria kubwa ya kanisa, na viti vya plastiki vimepangwa uani kama tunavyopanga kukiwa na msiba.

Wifi alikuwa amekaa katikati yao, kanga begani, anaitikia pole moja baada ya nyingine. Aliponiona aliinuka akanivuta pembeni.

"Wifi, waambie hakuna aliyekufa. Kwetu wote wako hai."

"Wanajua," nikamwambia. "Wamekuja tu kukaa na wewe."

"Basi waache wakae," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Alikuwa ameshakaa nasi miaka mingi. Kaka alikwenda kusomea kilimo huko kwao, akarudi na cheti na mchumba. Mama hakufurahi mwanzoni. Alikuwa na binti wa jirani akilini mwake, na ilimchukua muda kumsahau. Lakini huyu mgeni alijifunza Kiswahili, kisha Kichagga cha wanawake wenzake, akajua nani wa kumwamkia shikamoo na nani anayepaswa kumwamkia yeye. Alianza kutengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe wetu na kuiuza kwenye hoteli za mjini Moshi. Alizaa watoto wawili wanaoniita shangazi. Mama akaacha kumtaja yule binti.

Hasa aliyemfanya apendwe kijijini ni mdogo wake wa kiume. Kijana huyo alikuja mara moja tu, kwenye ibada ya ndoa yao. Alikuwa fundi umeme. Alikuta jiko la mama halina taa, na badala ya kwenda kutalii mlimani kama tulivyompangia, alitumia likizo yake yote kutandaza nyaya. Alipomaliza kwetu akaenda kwa jirani, kisha kwenye chumba cha Shule ya Jumapili. Kiswahili alijua maneno mawili, "asante" na "bado". Ukimkaribisha chakula anasema bado, ukishampa anasema asante. Watu walimwita Shemeji wa Taa. Siku anaondoka mama alimfungia ndizi mbivu kwenye boksi, na nasikia alifika nazo hadi kwao zikiwa nyeusi kabisa, na mama yake akazila hivyo hivyo.

Kwa hiyo iliposikika kwamba Shemeji wa Taa ameingia jeshini, vita vile vikawa vyetu. Jumapili iliyofuata mchungaji aliitaja nchi, akautaja mji wao mdogo, akamtaja na yeye. Baada ya ibada tukafanya mnada uwanjani kama kawaida ya mavuno, lakini safari hii ulikuwa kwa ajili yao. Kuna mkungu wa ndizi ambao kila aliyeununua aliurudisha uuzwe tena, hadi mwendesha mnada akapotewa na sauti. Fedha zilitumwa kwa watu wa kwao wifi waliokuwa wakinunua dawa na bandeji. Umoja wa wanawake nao walishuka kwangu Kiboriloni wakachagua masweta na makoti mazito. Wifi alipoonyeshwa yale makoti alisoma maandishi ya ndani ya kola, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Haya yametoka Ulaya," akasema. "Mnataka kuyarudisha?"

Wote tulicheka. Makoti hayakwenda popote, maana kuyasafirisha kulishindikana. Wazee wa huko juu msituni kwenye baridi waliyavaa, na nadhani hakuna aliyejuta.

Mwaka ule wa kwanza ulipita hivyo. Watu wakikutana na wifi njiani walisimama na kuuliza habari za mdogo wake. Sikumbuki ni lini hasa mambo yalibadilika. Kwenye maombezi ya Jumapili jina la Shemeji liliacha kutajwa, kisha mji, kisha nchi yenyewe, hadi ikabaki "na mahali pote penye vita". Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Kulikuwa na mengine ya kuombea. Mvua zilichelewa, kahawa ikashikwa na ugonjwa, vijana wawili wa usharika wakafa na pikipiki barabara ya Bomang'ombe. Mchungaji mwenyewe alihamishwa, na aliyekuja hakuwahi kumwona Shemeji.

Pale njiani swali nalo likabadilika. Sasa waliuliza, "Hivi ile vita bado tu?" Waliuliza kwa huruma, lakini ndani yake kulikuwa na kama lawama, kana kwamba wifi angeweza kuwaambia wenzake wamalize. Mbolea ilipanda bei, mafuta yakapanda, na mzee mmoja kwenye chama cha ushirika alisema mbele ya kaka yangu kwamba vita ya ukweni kwake inawala wao. Kaka alirudi nyumbani akapalilia hadi giza likaingia.

Hata mimi sokoni yalinifika. Jirani yangu wa kibanda, mwanamke wa Kigoma anayeuza viatu, alinisikia siku moja nikimweleza mteja habari za wifi. Mteja alipoondoka akaniambia, "Dada, mimi nampa pole wifi yako. Lakini Kongo wanauana tangu mimi msichana. Tumelala na wakimbizi nyumba moja. Niambie, kanisa lenu liliwahi kufanya mnada?"

Jumamosi nilipopanda nyumbani nilimweleza wifi, nikidhani atakasirika. Alikuwa anakamua maziwa mtindi kwenye kitambaa, na mikono haikusimama.

"Ana haki," akasema. "Mimi pia nimekaa Tanzania miaka yote hii na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote kuhusu Kongo."

Wakati huo alikuwa akifuatilia mabunge ya nchi za mbali kama mtu mwenye kesi mahakamani. Alikuwa anaweza kuniambia leo nchi fulani wanapiga kura kama watapeleka silaha, kesho nchi nyingine wanakutana, waziri huyu ametusemea vizuri, yule amesema imetosha. Simu ilikuwa mkononi mwake akikamua, akipika, akifundisha watoto. Kisha nikaona haishiki tena. Nilimuuliza kura imekwendaje.

"Sijui, wifi. Niliizima jana nikalala mchana kutwa. Watoto walidhani naumwa." Akaniangalia kama anayetaka nimkemee. "Wale wamechoka kutusaidia. Na mimi nimechoka kuwaangalia wakichoka."

Kila Shemeji alipopata nafasi alipiga, na familia nzima tulikusanyika kwenye meza ya jikoni. Mara ya mwisho alipiga alasiri ya Jumapili. Alikuwa amekonda, ndevu zina mvi, na bado hakuwa amefika hata miaka arobaini. Mama alimuuliza kama amekula. Wifi akatafsiri. Yeye akajibu mwenyewe, "Bado," tukacheka wote, naye akacheka. Kisha wifi akaanza kumlalamikia kwa lugha yao, sauti ikipanda, nami nikajua anamweleza juu ya watu, juu ya kura, juu ya kanisa. Alimsikiliza hadi mwisho, akajibu maneno machache. Baadaye wifi alitueleza alichosema.

"Anasema nisiwakasirikie. Anasema hata wao huko mstari wa mbele wamechoka, ila wao hawana pengine pa kwenda. Anasema nimweleze habari za ng'ombe."

Basi alimweleza habari za ng'ombe. Kulikuwa na mtamba aliyezaa mapacha.

Habari ya kifo chake ilikuja wakati wa masika. Kaka alinipigia nikiwa kibandani, akasema neno moja tu, "Shemeji," akashindwa kuendelea. Nilipanda nyumbani mvua ikinyesha, barabara tope tupu. Njiani nilikuwa najiandaa kwa umati wa watu, nikifikiria viti vitawekwa wapi kwa mvua ile. Nilipoingia uani hapakuwa na mtu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa mama. Ndani nilimkuta wifi amekaa kwenye kigoda, watoto wamemwegemea, kaka amesimama mlangoni, na mama mmoja jirani wa bondeni anamenya ndizi kimya kimya.

Nilimpa pole. Alinishika mkono akanikalisha. Nikamuuliza mama kwa sauti ya chini, "Wenzetu wanajua?"

"Mwinjilisti wa kanisani ameambiwa tangu asubuhi awatangazie," mama akasema.

Tulisubiri hadi jioni, tukasubiri na kesho yake. Walikuja wachache, wakakaa kidogo, wakasali, wakaondoka. Mmoja wao aliuliza kama sasa vita imekwisha.

Wifi hakuweza kuwahi maziko. Kwao ndege hazitui tangu vita vianze, na kwa treni na basi kupitia nchi jirani angefika mdogo wake ameshazikwa. Kwa hiyo tulizika kwa simu. Binamu yake alishika simu kule makaburini, na sisi tuliiegemeza yetu kwenye birika la chai. Mama alikuwa ameoga na kuvaa gauni lake la kanisani na kilemba, akakaa wima mbele ya kile kioo kidogo kana kwamba wale wa upande wa pili watamwona vizuri. Picha ilikatika na kurudi. Tuliona jeneza, tukaona padri wao mwenye ndevu, tukaona wanajeshi wachache, wengine wameegemea magongo.

"Mwambie anayeshika simu ageuze," mama akasema. "Simwoni mama yake."

Wifi akamwambia. Simu ikageuka, tukamwona mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani, amesimama peke yake, hakuna aliyemshika.

"Mbona hawajamshika?" mama akauliza. "Watu wako wapi?"

"Vijana wako vitani, mama, na wengine wamekimbia. Waliobaki..." Wifi alitafuta neno. "Kila wiki wanazika. Wamechoka na kuzika pia."

Mama alinyoosha mkono akamshika wifi bega, na hakuuondoa hadi picha ilipozimika.

Jumapili nilimsindikiza mama kanisani. Wifi alibaki nyumbani. Ibada ilipokwisha mama alimsubiri mwinjilisti pale nje, kwenye ngazi, watu wakipita. Mwinjilisti ni mtu mzuri, mtoto wa hapo hapo, na nilimwonea huruma alipomwona mama na kupunguza mwendo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Ile siku ya kwanza mlikuja wote, mkapika, mkakaa hadi jioni, na hakuna aliyekuwa amekufa. Sasa mtoto amekufa. Mko wapi?"

Akasema, na nadhani alisema kweli tupu, "Mama, tulidhani pole tulishatoa."

"Mlitoa kwa vita," mama akasema. "Huyu ni mtu. Mlimlisha, akawawashia taa."

Hakupandisha sauti. Alimuaga vizuri, tukashuka nyumbani, na njia nzima alikuwa ananiegemea kwa uzito ambao sikuuzoea.

Wiki ile watu walikuja. Wanawake wa jumuiya walileta unga, ndizi na sukari, kwaya ikaimba, mwinjilisti akaongoza sala na kulitaja jina la marehemu, akalikosea, akarudia hadi akalipatia. Wifi aliwashukuru kwa Kichagga, mmoja mmoja. Lakini nilimwona usoni. Alikuwa anawashukuru kama anavyomshukuru mteja wa jibini, kwa adabu kamili, akiwa mahali pengine kabisa. Walipoondoka alisema tu kwamba tumechelewa kukamua.

Kiangazi alisafiri kwenda kumwona mama yake. Alimbembeleza arudi naye Machame, akamwonyesha picha za chumba tulichomtayarishia, na yule mama akakataa. Alisema ana kaburi la kuangalia. Wifi alirudi amekonda, na kwa muda mrefu kila ndege ya watalii iliyopita juu kuelekea uwanja wa KIA ilimfanya asimame na kuangalia juu, mabega yamekaza, kama wafanyavyo kwao wakisikia mlio angani.

Vita bado vinaendelea ninapoandika haya. Kaburi tumeliona kwenye picha, lina bendera na maua ya plastiki, na makaburi mengine mapya yameongezeka pembeni yake. Mbolea imeshuka kidogo. Watoto wa kaka wamekua, wa kwanza ananipita urefu, na anapoulizwa shuleni mjomba wake yuko wapi anasema amefariki, basi, haelezi zaidi.

Kitu kimoja kilianza baada ya maziko na hakijakoma. Mama na yule mama wa kule huongea kwa simu. Wifi huwapigia, hukaa katikati akitafsiri: umelalaje, mguu unaendeleaje, huko kuna mvua? Juzi nilipanda nyumbani nikakuta wifi ametoka, ng'ombe alikuwa amekata kamba, na simu imeachwa mezani. Mama alikuwa anaongea Kichagga, polepole, akieleza habari za kahawa. Akinyamaza, yule wa upande wa pili anaongea kwa lugha yake, kirefu, na mama anatikisa kichwa na kuitikia. Kisha yule mwanamke akaanza kulia. Mama hakuita mtu. Alivuta kiti karibu na meza, akakaa naye.