Tulichochoma Njiani Tukakila Tena

Walioninenepesha kwa mazoezi nitawataja hapa, na hakuna wa kuniziba mdomo. Wa kwanza ni mwenyekiti wa chama chetu cha wamama cha kuchangiana pesa. Wa pili ni binti yangu pamoja na simu yake. Wa tatu nitamfikia. Njaa haimo. Njaa tumeishi pamoja tangu nikiwa mtoto, na safari hii haikuwa na makosa.

Mimi nakaa Kawangware, nauza mitumba soko la Toi. Nimepitia mengi: kibanda kimeungua, bwana amehama na godoro. Kwa hivyo sista wa kliniki alipotazama sukari yangu, akanipandisha kwenye mizani na kutikisa kichwa, mimi nilitulia tuli. Halafu akasema nikirudi mwezi ujao na sukari ile ile na uzito ule ule, vidonge havitatosha tena, tutaanza sindano. Hapo moyo ulianguka. Sindano naiogopa kuliko moto, na moto nimeuona. Mamangu alijidunga tumboni miaka yake ya mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia nguo.

Nilimwambia mwenyekiti, jirani yangu anayeuza mkaa. Akasema hilo si jambo la kulilia, magoti yake pia yanalia, tutatembea chama kizima. Jumapili baada ya kanisa, sisi wa Kawangware tunashika njia kwa miguu mpaka Kibera, wanakokaa wenzetu wengine, na tunaishia kwa yule ambaye zamu ya kukaribisha ni yake.

Hapo ndipo tulipoharibu. Chama ni chama. Mgeni akifika mlangoni kwako harudi na mdomo mkavu, na mwenye zamu akiweka maji peke yake, atasemwa mpaka kwenye matanga yake. Na wewe ukikataa sahani yake, umesema mikono yake ni michafu.

Lakini acha niseme ukweli, ile raha sijaiona tangu niolewe. Wamama wazima, leso kiunoni, raba za mitumba rangi rangi, tunateremka Ngong Road tukiimba za kanisa na zingine ambazo si za kanisa. Watu wa stejini wanaongoja matatu wanatupigia makofi. Mwenyekiti alikimbia mteremko mmoja akashindwa kusimama, akaenda kukumbatia nguzo ya stima, nasi tukakaa chini kando ya barabara tukicheka mpaka mbavu zikauma. Mtu aliponiuliza ni mbio za nini, nilimwambia namkimbia daktari.

Tukifika, chapati. Ndengu. Chai ya maziwa. Binti yangu, ambaye alikuwa anatembea nasi, ana kitu kwenye simu kinachohesabu jasho la mtu. Anatusomea: mama, umechoma kalori kadhaa, simu inasema una nafasi ya kula zaidi leo.

Mwenyekiti alilipenda hilo neno kama wimbo. Akanisukumia sahani.

"Simu imesema. Mwili umetoa, mwili urudishiwe. Ama wewe unataka kuudhulumu?"

Nikaurudishia.

Wa tatu ni wifi yangu wa Kisumu Ndogo, huko huko Kibera, dada ya yule aliyehama na godoro. Zamu yake alipika samaki wa nazi, ugali mlima, na omena, wale dagaa wa ziwa, wa kukaanga pembeni eti wa kutafuna tukipumzika. Ukoo ule umenidhulumu kwa kila njia, lakini kwa samaki sijawahi kuwashitaki. Nilikula hata sehemu ya Jumapili ambayo haijafika.

Siku moja tukasimama Toi kwa mzee anayepima watu uzito kando ya njia. Nikapanda kwa madaha. Nimezidi. Mwenyekiti akasema ni viatu. Nikavua. Akasema ni leso, ni sweta, ni wigi. Watu wakaanza kukusanyika, mimi nimebaki na kichwa cha matuta kama shamba, na mzee akasema pole pole, "Mama, hata ukivua meno, itasema hivyo hivyo."

Tulicheka. Halafu nikamkumbuka mamangu, kicheko kikakatika.

Wiki iliyofuata nikaapa sirudishi chochote. Nikameza vidonge, nikatembea mpaka Toi na tumbo tupu, na kufika kibandani mikono ikaanza kutetemeka, nguo naziona mbili mbili. Mwenyekiti alikuwa amenifuata kununua sketi. Alininywesha soda ya mwenye kibanda jirani huku ananitusi.

"Nani alikuambia ufe ndio usidungwe?"

Akanikokota mpaka kwa sista, kabla ya siku yangu. Sista alicheka, nikamchukia, halafu akaeleza. Simu inakisia tu, na mara nyingi inakisia kwa ukarimu. Mtu wa vidonge asitembee bila kula. Nikitoka safari ndefu na njaa ni ya kweli, nile kidogo, maharagwe, yai, tunda. "Lakini usile kama mtu anayedai," akasema.

Njiani nililigeuza hilo neno. Ni kweli, nilikuwa nakula kama mtu aliyedhulumiwa, na dunia ilivyonitendea, nilikuwa na mengi ya kudai. Ila chapati haikunidhulumu. Kutembea vile halafu kurudisha yote ni kufagia nyumba halafu unaita kuku.

Basi zamu ilipofika yangu, niligeuza njia. Chama kilianzia kwangu badala ya kuishia kwangu. Wa Kibera walikuja Kawangware, nikawapa githeri ya mahindi na maharagwe na sukuma wiki, kila mtu akashiba, hakuna mkono ulioitwa mchafu. Halafu tukatembea, tukawasindikiza wenzetu mpaka Kibera na sisi tukarudi, kila mtu akaishia mlangoni kwake, na huko hakuna wa kumsukumia sahani. Mwenyekiti alinung'unika kwamba hiyo ni safari ya punda, anakula kwanza ndio abebe. Lakini alitembea. Na binti akaambiwa simu ikae mfukoni.

Siku ya kliniki nilipanda mizani nimefumba macho. Sista alipima na sukari, akaandika kwenye kadi yangu pole pole mpaka nikataka kumfinya. Halafu akasema sukari imeshuka, uzito nao, si sana, lakini imeshuka, na sindano tuiache kwanza. Nilicheza pale koridoni na matuta yangu, wagonjwa wakanipigia vigelegele.

Nje mwenyekiti alikuwa ananingoja na chapati ya kusherehekea, moto, imefungwa kwenye gazeti. Nilimwangalia huyo mshitakiwa wa kwanza. Nikaikata katikati, nikala nusu, nusu nikamrudishia, tukashika njia ya nyumbani kwa miguu.