Mteremko wa Quriyat: tulizima pikipiki ya umeme kubana chaji, nusura tuage dunia

Wakuu, salama?

Huu uzi siuandiki kutafuta likes. Goti langu bado lina bandeji, na ninayosimulia yamenikuta mwenyewe. Atakayeona ni chai, yaani nimetunga, aende kwenye nyuzi za mpira, simlaumu. Ila ukianza kusoma, fika mwisho. Kuna watu nawatafuta.

Niko Muscat, nakaa kaunta kwenye duka la pikipiki pale Ruwi. Mwenye duka ni Mwomani ambaye wazee wake walitokea Unguja, tunamwita Ami Seif. Kiswahili chake ni cha Kizanzibari kabisa, akikasirika ndio anahamia Kiarabu.

Zamani tuliuza za petroli tu. Siku hizi vijana wa delivery wanaulizia za umeme kila kukicha. Chaji ni nafuu, oili hakuna, kelele hakuna. Ami akaleta mzigo, ukaisha. Akaleta mwingine, nao ukaisha.

Wateja wengi ni wageni kama mimi: Waganda, Wakenya, Wapakistani, na Wabongo wawili watatu. Mteja analipa, anapewa ufunguo na chaja, anaondoka.

Mwenzangu dukani ni Shabani, Mluguru, bodaboda mstaafu wa kupanda na kushuka milima ya Mgeta. Yeye ndiye anayejaribu kila pikipiki kabla haijauzwa. Mimi kuendesha siwezi na sitaki. Kwenye pikipiki mimi ni mwoga wa kuzaliwa, sijifichi.

Asubuhi moja Ami akatuita.

"Nna mteja wangu Quriyat, mtu wa samaki. Anataka pikipiki za kupelekea samaki majumbani, lakini kashikilia kuwa za umeme hazipandi milima. Mpelekeeni moja akaione kwa macho yake. Nendeni nyote wawili, ajue na mzigo inabeba."

Mzigo wenyewe ndio mimi.

Kwa wasiopajua, Quriyat ni mji wa wavuvi kusini mwa Muscat, na kufika huko unakata milima ya mawe matupu. Hakuna mti, hakuna duka. Jua linakupiga kutoka juu, lami inakumalizia kutoka chini.

Kupanda, pikipiki ilipanda, sina la kuidai. Ila chaji ilikuwa inashuka naiona. Shabani naye anachungulia kioo cha chaji kila mara. Tukafika juu betri imebaki kidogo na safari bado ipo. Nikaanza kujiona nimekaa kando ya barabara kwenye joto lile, maji yameisha.

Mbele yetu ulikuwa mteremko mrefu unaozunguka mlima.

Shabani akapeleka mkono kwenye ufunguo, akazima.

Waliokulia milimani nyumbani wanaelewa. Mteremkoni bodaboda anazima injini, pikipiki inaserereka yenyewe, mafuta yanabaki. Nikamuuliza anafanya nini.

"Tulia mwanangu. Mteremko ni wa bure."

Mwanzoni raha. Kimya, upepo mtamu. Halafu mwendo ukaanza kukua. Shabani anashika breki, inapungua, anaachia, inarudi na zaidi. Anashika tena. Na sisi wawili si wembamba. Kikaanza kunuka kitu kinachoungua, nikajipa moyo kwamba ni lori la mbele.

Mbele hapakuwa na lori. Lori lilikuwa nyuma, limejaa kokoto, linapiga honi.

"Washa," nikamwambia.

Akageuza ufunguo. Haikuwaka. Akajaribu tena, kimya. Baadaye ndio tulielewa kuwa ile modeli haikubali kuwaka wakati gurudumu linazunguka, mpaka usimame kwanza. Na kusimama ndiko kulikotushinda.

"Breki inazama, haishiki," Shabani akasema. Hakupiga kelele. Alisema taratibu tu, na hapo ndipo nilipojua kuwa hana mpango mwingine.

Wakuu, niliogopa. Si ile hofu ya kushtuka ikapita. Shahada naianza inakatikia katikati, naianza tena. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, nyuma kokoto. Nikamwona mama yangu kule Tanga akipokea simu ya mtu asiyemjua.

Kwenye kona palikuwa na sehemu pana ya changarawe ambapo magari huegesha. Shabani akaielekeza huko. Tairi likazama, likayumba, tukaanguka na kuburuzika. Lori likapita na honi yake, wala halikupunguza mwendo.

Goti langu lilikuwa linavuja damu. Shabani alikuwa amechubuka mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilimpa maji, nusu akayamwagia kidonda.

Baada ya muda akageuza ufunguo, pikipiki ikawaka mara moja. Mteremko uliobaki tulishuka imewashwa, eksileta kaiachia kabisa. Ikawa inajizuia yenyewe, unahisi kabisa inavutwa nyuma. Na chaji ikaanza kupanda.

Nilidhani macho yangu yananidanganya. Kumbe hizi zetu za umeme ukiachia eksileta mteremkoni, mota yenyewe inageuka breki, na papo hapo inarudisha chaji kwenye betri. Tulizima ili tuokoe chaji, kumbe tulikuwa tunaitupa pamoja na breki.

Mtu wa samaki aliipenda, akaagiza. Tukarudi Ruwi kwa pikapu yake, mimi nikiwa nimeshika mlango njia nzima.

Jioni nikamweleza Ami yote, Shabani kainamisha kichwa. Nilisubiri Kiarabu. Hakikuja. Ami alivua miwani, akauliza:

"Na hawa tuliokwisha kuwauzia, nani kawaambia?"

Hakuna aliyewaambia. Wengi wao wametoka kwenye milima kama ya Mgeta, na mkono wao unakwenda kwenye ufunguo bila kuutuma. Na Muscat hii kila ukigeuka ni mlima.

Tumeanza kuwapigia simu. Mmoja alicheka, akasema mbona yeye anazima kila siku akishuka. Wengine namba hazipatikani. Labda wamebadilisha laini, labda wamerudi kwao. Labda nyingine sitaki kuiandika, lakini ndiyo ninayolala nayo.

Nilichojifunza ni kwamba ujuzi wa chombo cha zamani usiupakie kwenye chombo kipya kabla hujauliza. Mazoea yana tabu.

Kama una ndugu anayeendesha pikipiki ya umeme Oman au popote Ghuba, mpigie leo, mwambie mteremkoni asizime. Mwenye ufundi zaidi atusahihishe hapa, hatutanuna.

Na kama wewe ulinunua Ruwi kwenye duka letu na namba yako haipatikani, sihitaji maelezo mengi. Andika tu hapo chini kwamba upo.