Korane na Miche Iliyojilaza Mchana

Korane aliyachukia mashamba kabla hajakanyaga hata moja. Kwao, nyikani kuelekea Modogashe, mtu aliyeinama kutwa akichokora udongo alihesabiwa kuwa ameshindwa na maisha. Lakini ukame wa mwaka wa tisini na mbili ulimmalizia ngamia wake wote, akajikuta kando ya Mto Tana, chini kidogo ya mji wa Garissa. Mkewe Timiro ndiye aliyejiunga na kikundi cha wakulima akapewa kipande cha ardhi. Korane alikaa mbali, shuka puani. Matope yale yalimnukia kama kidonda kisichooshwa, na vyura walimtia kichefuchefu.

Miaka miwili baadaye Timiro alipanda matikiti maji. Miche ilikuwa ndiyo kwanza inatoa majani alipoletewa habari kwamba mama yake anaumwa huko Griftu. Akafunga mzigo.

"Miche hii iko mikononi mwako mpaka nirudi," alimwambia mumewe. "Inyweshe kila siku, polepole, chini kwenye shina."

"Mimi niinamie majani mbele za watu?"

"Basi piga magoti," akasema Timiro, akapanda lori.

Hakukupita muda pampu ya kikundi ikafa. Mwenyekiti, mzee mpole aitwaye Bulle, akatangaza kwamba kila shamba litapata debe moja tu kwa siku, maana mtoni kulikuwa na mamba na hawakutaka watu warundikane kuchota. Korane akaletewa debe lake: maji mazito, rangi ya chai iliyolala, viluwiluwi vikipigapiga mikia. Akayagawa kwa kopo, uso kaugeuza pembeni.

Adhuhuri aliikuta miche yote imelala, majani yamenyong'onyea kama matambara. "Kiu ya nusu siku tu!" alisema, akaenda zake akijua imekufa. Jua lilipotua alipita tena kuchukua jembe. Miche ilikuwa imesimama wima, kama haikutokea kitu.

"Wanafiki!" alifoka, mpaka Bulle akageuka. "Mchana wanajifanya maiti wahurumiwe, jioni wanainuka! Hata ombaomba wa sokoni wana haya kuliko hawa."

"Ni jua tu, Korane. Mmea unayabana maji yake. Ukiukuta umelala asubuhi, hapo ndipo uogope."

Korane hakutaka kusikia. Ndama wa ngamia, aliwaza, hanyweshwi kila anapolia. Huzoeshwa kiu, na akifika kisimani hunywa akashiba. Tangu hapo akawa analimwaga debe zima kwenye tuta moja, mengine yangoje zamu. Hakufanya hivyo kwa upendo. Alitaka kuonana na mimea ile mara chache iwezekanavyo.

Miche iliyochelewa kuota haikuvumilia. Aliikuta imelala alfajiri, akaing'oa, ikamvunjikia vidoleni kama miguu ya panzi aliyekauka. Iliyosalia ilidumaa, ikatoa majani madogo, magumu, yenye vinyweleo vilivyomwasha ngozi. Mmoja aliung'oa kwa bahati mbaya, ukatoka na mzizi mrefu kuliko mche wenyewe, umechongoka kama mkia wa panya. Akautupa, akafuta mkono kwenye mchanga.

Timiro aliporudi, mama yake akiwa amepata nafuu, alisimama shambani ameshika kichwa.

"Umeniulia nusu ya shamba!"

"Imejiua yenyewe. Mimi sikuigusa."

Pampu ilipotengenezwa, Timiro aliionea huruma miche iliyobaki akaifungulia maji bila kipimo. Ikatambaa, ikazaa, ingawa majirani walikuwa wameshavuna zamani. Lakini yale maji mengi ya ghafla yaliyapasua matikiti kadhaa kabla ya kuchumwa. Yakalala matumbo nje, mekundu, yakizongwa na nzi. Timiro alimkatia mumewe kipande cha tikiti lisilopasuka. Korane akaonja, akatema: maji ya sukari, na mbegu kama kupe.

"Basi nenda katupe yaliyopasuka," Timiro alisema kwa hasira.

Njiani Korane alikutana na Billow, rafiki yake wa zamani wa malishoni, akiwapeleka ngamia mtoni. Ngamia walinusa kikapu cha matikiti alichobeba, na kabla mtu hajasema neno walikuwa wanatafuna, maji ya tikiti yakiwachuruzika midomoni.

"Umekuwa mkulima, Korane?"

"Usinitukane."

"Haya yamelimwa na nani?"

"Mke wangu. Mimi niliyanyima maji tu."

Billow akacheka, kisha akasema anatafuta mtu wa kumsaidia kuchunga hadi mvua zinyeshe.  Korane alikuwa ameegemea shingo ya jike mmoja, kafumba macho.

Jioni alimweleza Timiro, akitarajia ugomvi.

"Nenda," Timiro alisema. "Na miche yangu ipumue."

Alfajiri iliyofuata Korane akaondoka nyuma ya ngamia wa mtu mwingine, bila hata kulitazama shamba.