Mstari wa Friza

Gharama yake yote ilikuwa hii: lori moja la minofu ya sangara, ndege moja iliyoruka bila mzigo wetu, na wiki mbili za kununiwa na madereva. Nimehesabu mara mbili. Na chanzo ni mstari mmoja ambao kompyuta yenyewe haikuwahi kuusoma.

Nilipoanza kazi, miaka ile viwanda vya watu binafsi vilipokuwa vinaota kando ya ziwa, kiwanda chetu cha samaki hapa Mwanza kilikuwa na kompyuta moja. Mhandisi Mkuu, mtu wa Bukoba, alinifungulia faili la amri za kuchapa lebo za katoni. Mistari mingine ilianza na REM, alama ya kuiambia kompyuta: pita, haya hayakuhusu.

"Shikamoo, Mhandisi. Kama haiyasomi, tunamwandikia nani?"

"Marahaba, binti. Atakayekalia kiti hicho baada yako. Amri inafanya nini, ataona mwenyewe. Wewe mwandikie kwa nini."

Nikashika. Faili lilikuwa na amri ya PAUSE, inayosimamisha kazi mpaka mtu abonyeze kitufe. Juu yake nikaandika: *REM Ngoja friza kubwa iwake kwanza. Ikiwaka umeme hushuka, kompyuta huzimika.*

Akaja Meneja Uendeshaji, mtu wa haraka. "Amri kumi, hadithi tisa! Futa zote."

"Mzee, nibakizie saba."

"Tatu."

Tukakubaliana tano. Nikajiona mjanja. Kati ya nne nilizotoa ulikuwemo mstari wa friza, maana huo niliujua kwa kichwa. Kichwa chenyewe wakakihamishia kinu cha pamba cha tajiri mwenye kiwanda chetu, kule wilayani Magu.

Aliyenirithi akaiona PAUSE imekaa tu, inachelewesha watu. Akaitoa. Asubuhi ya mzigo friza ikanguruma, kompyuta ikazimika, orodha ya katoni ikaharibika. Katoni isiyo na lebo haipandi ndege.

Nikaitwa. Nikachapa mistari miwili, PAUSE na REM yake, kazi ikaenda.

"Dakika moja tu?" Meneja akafoka. "Jana ulikuwa wapi?"

"Magu, Mzee. Ulinihamisha wewe."

Akakohoa. "Rudisha hadithi zako." Nikadai kumi. Safari hii hakupunguza hata moja.

Mpaka nastaafu, faili lile halikuacha tena mzigo nyuma, na limehamishiwa mashine mpya tatu. Hilo natamba nalo hadi mtaani Mkuyuni.

Ila juzi fundi wao wa sasa, binti mdogo, alinipigia. "Shikamoo, mama. Kuna mstari wako: *REM Usiguse amri inayofuata, niulize mimi.* Sasa nauliza. Tunataka kuitoa."

Ni mmoja wa ile mistari kumi, niliouandika kwa maringo ya ushindi. Kwa nini, sikuandika. Na sikumbuki.

Nyie mnaoandika amri leo, nishaurini: aitoe, au aiache? Mzigo unaondoka Ijumaa, na binti anasubiri simu yangu.