Mama Breki na Mkunga Mwenye Simu Nyingi

Nimezunguka miji mingi, sijaona kwingine mwalimu wa udereva anayetembea na hotpoti isiyo na chakula. Mama Breki anayo. Mwanafunzi akifika, kabla hajagusa usukani, simu yake inaingia humo, mfuniko unafungwa, na hotpoti inawekwa kwenye buti. "Ikilia, ililie tairi la akiba," husema.

Ni mwanamke mfupi, miaka hamsini na kitu, na mguu wake hautoki kwenye breki ya pili aliyofungiwa na fundi upande wa abiria. Hata akipewa lifti na shemeji yake hukanyaga sakafu kila kona, mpaka shemeji analalamika kwamba zulia la gari limechakaa.

Ukali huo haukutoka hewani. Zamani aliendesha gari la mikate. Asubuhi moja dada yake alimtumia ujumbe, naye akainama kuusoma: "Usisahau vitunguu." Alipoinua macho, gari lilishaingia kwa kinyozi, ukuta na vyote. Kinyozi alimjia juu, mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi. Mwaka uliofuata akamuoa. Watu wakicheka, naye hucheka, mpaka hadithi ifike kwenye kiti. Kiti cha kunyolea kilipondwa na gari, na mtoto aliyekuwa akinyolewa alikuwa ameshuka dakika hiyohiyo kwenda kujitazama kwenye kioo.

Mwanafunzi aliyemtoa jasho mwezi ule alikuwa mkunga wa zahanati. Zahanati ilikuwa imepata gari la kuwafuata wajawazito majumbani, ila mkunga asipofaulu mtihani wa Ijumaa, gari lingepelekwa kwingine. Mikono yake haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa masikio.

Jumatano simu ililia kwenye buti.

"Mwalimu, mlio huo ni wa yule mjamzito wa mapacha."

"Endesha, mwanangu."

"Si naendesha?"

"Taa tuliyoivuka sasa hivi ilikuwa rangi gani?"

Mkunga akatupa jicho kwenye kioo cha nyuma.

"Ya manjano. Na mzee wa baiskeli ametutukana, hukumsikia." Mama Breki akamwambia aegeshe kando. "Simu iko kwenye buti, na wewe umo humohumo. Gari lina watu wawili na halina dereva."

"Sasa nifanyeje? Uchungu haumsubiri mtu."

"Zahanati nzima, mwenye masikio ni wewe tu?"

"Yupo dada wa mapokezi. Anafuma vitambaa kutwa."

"Basi kazi yake ameshaipata."

Jioni mkunga aliwapigia wajawazito wake wote kumi na mmoja: nikiwa njiani sipokei, pigeni mapokezi, atatumwa muuguzi aliye karibu. Yule wa mapacha alinung'unika. "Nikija kwako nimeshagonga ukuta," mkunga akamwambia, "nani atamzalisha nani?"

Ijumaa Mama Breki alibaki kwenye benchi la kituo cha mtihani, akikanyaga vumbi. Ndani ya gari, katikati ya safari, simu iliyolia ilikuwa ya mtahini. Akaipokea. Alikuwa akibishana na fundi bomba kuhusu sinki lake, huku akimwonyesha mkunga kwa kidole: kata kulia.

Mkunga akawasha taa ya kuashiria, akasogea kando, akasimama.

"Nimesema kulia," mtahini alisema, simu ikiwa sikioni.

"Samahani, mzee. Nakusubiri umalize."

"Unajua hapa nani anampa mwenzake maksi?"

"Najua, mzee. Lakini pale kuna kibao."

Mtahini akatazama. Kibao kilisema marufuku kuingia, na lori lilikuwa linatoka kwa kasi. Akamwambia fundi atampigia baadaye. Walipofika kituoni, alitia saini na kumkabidhi mkunga karatasi.

"Umefaulu. Mwalimu wako hana haja ya kusikia habari za sinki."

Mkunga alianza kusimulia kwa sauti angali mbali; hakuwa amefika hata kwenye benchi, Mama Breki alishasikia yote.

"Mtahini yule nilimfundisha udereva mimi mwenyewe," alisema, akipapasa mfukoni. "Ngoja nimpigie."

"Mwalimu, subiri kwanza. Ndiyo kwanza anaingia kwenye gari lake."

Mama Breki akairudisha simu mfukoni, akaketi kumngoja afike nyumbani.