Msomaji wa Mwisho

Mwezi wa kufungua shule, fundi wa sare hajimiliki. Ni mali ya wazazi wa watoto wa watu. Fundi wetu huyu, mama wa mabinti wawili, alikuwa na futi shingoni, pini midomoni, na simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo inaropoka sauti za wateja: "Fundi, mtoto amenenepa, niongezee kiunoni." "Fundi, samahani, nilisema sketi mbili, kumbe tatu." "Fundi, mbona kimya?" Sasa angejibu vipi, jamani, na pini kumi mdomoni?

Juu ya hayo yote, alikuwa na kitabu cha kumaliza.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, wanawake wanne walikutana kwenye stoo ya nyuma ya duka la dawa: mfamasia mwenye duka, mkunga, karani wa posta na fundi. Kila mmoja alieleza mwezi ule kasoma nini, katazama nini, kasikiliza nini. Kitabu kilikuwa kimoja tu, kikizunguka mkono kwa mkono, na sheria yao ilikuwa ngumu: hakuna kukijadili mpaka msomaji wa mwisho amalize. Huyo wa mwisho ndiye anayesimulia mwisho wake, ndipo wenzake wanafunguliwa midomo. Zamu hii wa mwisho alikuwa fundi. Miezi miwili mfululizo alikwenda hajamaliza, na miezi miwili wenzake wakarudi makwao wameuma ndimi. Mara ya tatu, kiti kinapewa mwingine. Mke wa seremala alikuwa ameshaomba, tena kwa barua.

Usikidharau kiti kile, ingawa kilikuwa cha plastiki na mguu mmoja umefungwa waya. Saa mbili zile ndizo pekee katika mwezi mzima ambazo hakuna aliyemwita "mama" wala "fundi". Pale aliitwa Redio, kwa jinsi anavyosimulia. Kukipoteza kiti kile aliona ni kama kufungiwa ndani na ufunguo kutupwa.

Na kitabu chenyewe kilihusu mambo hayohayo: mwanamke mtunza funguo wa hoteli kubwa, anawafungulia watu milango kutwa, na yeye mwenyewe hatoki. Fundi alikisoma kwa wizi. Ukurasa mmoja maji yakichemka, nusu ukurasa pasi ikipata moto, mistari mitatu chooni kabla kitinda mimba hajagonga mlango, "Mama, unafanya nini humo?" Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, ila kibaba hiki kilitoboka. Kila akifungua, alikuwa amesahau alipoishia. Ukurasa wa mia na kumi na mbili aliusoma mara sita.

Kutazama, alitazama katuni ya sungura mwenye kofia, kwa sababu kitinda mimba hakutaka nyingine. Alikuja kumchukia sungura yule kwa moyo wake wote. Kusikiliza, alifungulia hadithi ya redioni ya saa tisa, lakini cherehani ilimeza kila neno la pili, hata siku moja mtu akafa hadithini na fundi hakujua ni nani. Aliomboleza hivyohivyo.

Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, alikaa sakafuni kufunika vitabu vya watoto kwa karatasi ya kaki. Kata, kunja, gundi, andika jina. Mteja alikuwa sikioni anaeleza habari ya zipu, na mikono ya fundi ikaenda yenyewe, kama inavyokwenda kwenye lupindo la sketi. Vitabu kumi na saba akavivisha, akavipanga mikobani, akashusha pumzi.

Jumatatu adhuhuri, pasi ikipata moto, akafungua mtoto wa meza atoe kitabu chake. Hakuna. Akainua vitambaa, akapekua kapu la vipande, akainama mvunguni mwa kitanda. Huko akakuta kitabu cha Sayansi, darasa la sita, kiko uchi, kinamtazama kwa picha yake ya tumbo la chakula. Ametoka kushona sare za mtaa mzima, na sasa riwaya nayo kaivisha sare akaipeleka shule!

Jioni kifungua mimba, binti wa miaka kumi na mmoja, alirudi anacheka. "Mama, Sayansi yangu ina mwanamke wa hoteli."

"Kiko wapi?"

"Dawatini. Nimekisoma mapumziko yote."

"Kesho nakitaka hapa, umenisikia? Jumamosi haiko mbali."

Jumanne akasema amesahau. Jumatano, darasa lilifungwa mapema. Alhamisi akawa anatazama vidole vya miguu yake tu. Fundi alifoka mpaka kitinda mimba akazima sungura bila kuambiwa. Angekwenda shuleni mwenyewe, lakini kwa miguu ipi? Sketi kumi na nane zilikuwa zinamsubiri, na kila mwenye yake alikuwa anapiga hodi.

Ijumaa, binti akasogeza kigoda karibu na cherehani. "Mama, kile kitabu nimeshakimaliza. Nikusimulie?"

Fundi akataka kukataa. Kusimuliwa si kusoma, na yeye si mtu wa kudanganya wenzake. Ila mfa maji haachi kutapatapa. "Haya, simulia. Anzia mtunza funguo alipogombana na mwenye hoteli."

Binti akasimulia vizuri kuliko mama yake, na si kidogo. Fundi akawa anakunja malupindo na kuguna, "Ehe! Mwanaharamu huyo! Ehe?" Walipofika mwisho, sauti ya mtoto ikapungua.

"Basi siku moja akaziweka funguo zote mezani, akaenda kulala. Akalala mpaka saa nne asubuhi. Watoto wake wakawa wanatembea kwa vidole. Wakapika chai wenyewe. Kila aliyebisha hodi wakamwambia njoo kesho. Alipoamka hakuna aliyemtaka kitu."

"Halafu?"

"Basi. Ndiyo mwisho."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli. Aliuonea wivu mwisho ule, wivu wa wazi kabisa.

Jumamosi saa kumi alikuwa kwenye kiti chake. Wenzake wakasema yao haraka haraka, maana kiu yao ilikuwa moja. Mkunga alitazama filamu ya majambazi, karani alisikiliza taarabu za zamani, mfamasia alisoma maisha ya nyuki. Kisha mfamasia akapiga makofi. "Redio, washa! Miezi mitatu nimeumwa na ulimi wangu mwenyewe."

Redio akawaka. Akamwigiza mwenye hoteli, akatoa mlio wa funguo, mkunga akacheka mpaka akajishika mbavu. Akaja kwenye mwisho: kitanda, saa nne asubuhi, watoto kwa vidole, chai, njoo kesho. Akasubiri vurugu ya maneno.

Mkunga alimtazama karani. Mfamasia akavua miwani.

"Redio, shoga yangu," alisema taratibu. "Yule mwanamke hana watoto."

Uso ukamwaka fundi. Akasema kweli yote, kaki, Sayansi na kigoda, na wao wakacheka, kisha kicheko kikawaishia kila mmoja kwa wakati wake.

"Mwisho wenyewe ni upi?" akauliza.

"Hatoki," alisema karani. "Anabaki na funguo zake mpaka ukurasa wa mwisho."

Mkunga akataka kumtetea, kwamba mwezi huu ni wa shule, utu kwanza. Mfamasia akatazama boksi za dawa. "Sheria tuliitunga wenyewe," alisema, na ilionekana haimfurahishi.

"Najua," alisema fundi. "Nami nilinyoosha mkono." Akainuka. Ilimuuma, asikudanganye mtu. Alipita kwenye duka mbele bila kumuaga aliyekuwa kaunta.

Nyumbani binti alikuwa akimsubiri mlangoni. "Walikubali?"

"Kitabu kiko wapi, mwanangu? Sema kweli."

Mtoto akajikunja. "Mwalimu alikichukua Alhamisi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mia mbili. Alisema atampa mzazi tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelazimika kuja shule. Na sketi zilikuwa nyingi."

Fundi akaketi kwenye cherehani, mkoba bado begani. "Na ule mwisho?"

"Niliufikiria mwenyewe."

"Yule mwanamke hana watoto."

Binti akafikiri kidogo. "Nilisahau," alisema.

Fundi akachukua uzi, akaulowesha ncha, akajaribu kuutunga kwenye sindano. Mara ya kwanza, mara ya pili. Machozi hayakumwacha alione tundu. Mkono mdogo ukaja ukaichukua sindano.

"Lete nikutungie, mama. Za Jumatatu bado nne."