Kura ya Baba Mkwe

Niliishi boma moja na baba mkwe wangu kwa miaka kumi na minne, na mpaka anazikwa nilikuwa naujua mgongo wake kuliko uso wake. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Ukisikia anakuja njiani, unajitupa pembeni, na pembeni kwetu palikuwa na mibuni. Mibuni ya Mbozi ikishapata mvua za masika humlowesha mtu mpaka mifupa. Yeye naye alikuwa muungwana: alikohoa kutoka mbali ili nipate muda wa kupotea. Tatizo ni kwamba siku nyingine alikuwa na kikohozi cha kweli, nami nikashinda vichakani asubuhi nzima bure, watoto wananitafuta.

Jina lake pia sikulitaja. Wala si jina tu, hata neno linalofanana nalo. Bahati mbaya jina lenyewe lilikaribiana na neno la kikwetu la kapu, kwa hiyo tangu niolewe nilisema "kile cha kubebea", na wifi zangu wakijifanya hawaelewi, waniletee chungu. Neno ukilizuia mdomoni miaka mingi, mwisho linakutoka hata kichwani. Mimi lilinitoka. Kwangu alikuwa Baba, basi. Kwa watu wengine wote alikuwa Rais.

Alikuwa Rais wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, miaka tisa, enzi za Mwingereza. Siku zile uchaguzi ulikuwa wa mstari. Wagombea wanasimama mbele ya ghala, na kila mwanachama anakwenda kusimama nyuma ya mtu wake. Hapakuwa na siri. Baba alishindwa mchana kweupe, akamwona shemeji yake mwenyewe akipita mbele yake kwenda mstari wa pili, tena akimwamkia kwa heshima zote. Alikiacha kiti lakini cheo hakikumwacha. Aliyemrithi, maskini, watu walimwita "yule wa sasa" mpaka alipochoka akahamia kwa wanawe upande wa Rhodesia.

Kiti kikabaki wazi. Mume wangu akakitaka, na mtu mmoja wa Nanyala, mwenye duka na jina refu, akakitaka pia. Ndipo bwana ushirika, Mzungu kutoka Mbeya, akasema mistari imekwisha. Safari hii kila mwanachama ataandika jina la amtakaye kwenye karatasi, ataikunja, ataitumbukiza kwenye debe lililotobolewa juu. Asiyejua kuandika ataenda kwenye meza ya karani, atamtajia jina, kisha ataweka dole gumba. Karani wetu alikuwa na masikio mazito. Kumtajia jina ilikuwa sawa na kulitangaza sokoni.

Mume wangu alifurahi. Aliondoka kwenda Kamsamba kutafuta mchele wa kuwalisha watu siku hiyo, maana alisema mpiga kura hashibi hotuba. Kabla ya kuondoka alinihesabia kura zake kwa vidole. Kidole cha kwanza kilikuwa baba yake. "Hiyo iko mfukoni," alisema.

Siku ya pili yake mama mkwe aliingia jikoni kwangu, akakaa, akavuta ungo wa maharage kama mtu aliyekuja kusaidia. Hakuwahi kunisaidia hata siku moja, kwa hiyo nikashtuka.

"Kuna mtu anataka kusema na wewe," alisema.

"Nani?"

"Yule."

"Yule nani, mama?"

"Aa! Yule wangu."

Nyuma ya ukuta wa jiko kikapigwa kikohozi. Nikaruka, nikatafuta mlango, na mlango mama mkwe ameukalia.

"Mama," sauti ilisema kutoka nje, "tulia. Mila inasema tusionane. Nimeipitia yote, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali inaposema tusisikizane."

Ndivyo alivyokuwa. Miaka tisa ya kuendesha mikutano ilimfanya aione hata mila kama katiba, yenye vifungu vya kupenya. Nilimwambia, "Ndiyo, Baba," na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Hatukuwahi kusemeshana kabla ya hapo.

Mama mkwe alipepeta maharage ambayo yalikuwa safi tayari.

"Sijui kusoma," alisema Baba.

Nitasema ukweli: nilicheka. Niliuma khanga yangu, lakini nilicheka. Miaka tisa! Rais aliyekuwa haingii mkutanoni bila kabrasha kwapani! Kumbe siku zote alikuwa akimpa karani, "Soma wewe, macho yangu leo si mazuri," na akishasomewa mara moja alishika yote kichwani, nukta kwa nukta, akajadili kama aliyeyaandika. Watu walimhurumia kwa macho yake. Alijinunulia miwani Tunduma, kwa wachuuzi wanaovuka mpaka, akasema haimfai. Akanunua nyingine, ikawa hivyohivyo. Kisha bwana shamba, kwa wema tu, akamletea miwani nzuri ya hospitali, na Baba akaivaa akaona mpaka mchwa ukutani. Miwani hiyo ilidumbukia chooni wiki hiyohiyo. Mama mkwe alinieleza haya akiwa ameinamisha uso kwenye ungo, mabega yanatikisika.

"Nikienda kwa karani na dole gumba," Baba alisema, "miaka yangu tisa yote itakuwa kichekesho. Na nisipokwenda watauliza Rais amesusa nini. Wewe ulimaliza darasa la nne misheni. Nifundishe."

Kicheko kiliniisha pale. Mtu mzima, mwenye mvi, aliyenyenyekewa na watu wa ukoo mzima, anauomba ukuta.

Basi tulianza. Nilimwaga unga kidogo kwenye ungo, nikaulainisha kwa kiganja, nikaandika herufi kwa kidole. Mama mkwe akauchukua ungo, akazunguka nao nyumba kwa hatua za mtu aliyebeba yai, akampelekea. Baba akaandika ya kwake chini, ungo ukarudi. Kuku walitufuata kila safari. Siku moja upepo ulifuta somo zima kwenye kona, na mama mkwe, asitake kurudi, akaandika kitu chake mwenyewe. Baba alishinda akikisomea mpaka jioni. Halafu kulikuwa na M. Nilimpa M, mama mkwe akageuka mlangoni, Baba akapata W. Tulibishana siku mbili kupitia ukutani, kila mmoja na haki yake, hadi nilipoanza kuweka jani la mbuni upande wa juu ili kichwa cha herufi kijulikane.

Nilitaka kumfundisha zote kwa mpango, kama nilivyofundishwa. Alikataa.

"Muda hautoshi," alisema. "Nipe ninazotaka. Nipe ile ya mwanzo wa zizi."

Nikampa Z. Kesho yake akataka ile ya wali. Kisha ile ya ng'ombe, akaambiwa ni mbili na kijimkia, akaguna akasema Wazungu wanapenda kazi.

Mimi si mjinga. Nilianza kuhesabu. Jina la mume wangu lilikuwa la ubatizo, fupi, herufi nne, na hapakuwa na Z ndani yake wala W, hata ukilitikisa. Lakini jina la yule wa Nanyala lilikuwa limejaa kama debe: Z ipo, W ipo, hiyo ya ng'ombe ipo. Nilisimama na ungo mkononi nikaelewa. Baba mkwe wangu ananitumia mimi, mke wa mwanawe, unga wangu na jiko langu, kujifunza kumwangusha mwanawe!

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka. Siku hiyo aliponiomba tena ile ya zizi, kwamba mkono wake umeisahau, nilimgeuzia. Niliandika S ya mraba, kitu cha kiburi kisicho herufi, nikampa mama mkwe apeleke. Ungo ulirudi, na chini yake kitu kilekile, kimenakiliwa kwa utii.

Sikula vizuri. Mtu akikuomba maji ukampa majivu, umekosa wewe, haijalishi yeye ana kosa gani. Asubuhi niliita mwenyewe ukutani.

"Baba. Ile ya jana niliandika vibaya."

"Najua," alisema. "Haikufanana na ile iliyopigwa chapa kwenye magunia ya Mbozi. Nilikuwa nangoja uone aibu."

"Nimeona, Baba."

"Haya. Ujue basi kwamba kura ni siri. Bwana ushirika kasema hata mke asiulize. Mkamwana ndiyo kabisa."

Nikampa Z yake, iliyonyooka. Nilifundisha zilizobaki kwa uaminifu, meno nimeyauma, nikijua kila herufi ninayoichora inamnyima mume wangu kiti. Naye akarudi kutoka Kamsamba na magunia ya mchele, amechomwa na jua la bondeni, ananihesabia tena vidole. Nilivitazama vile vidole, nikageukia kuchambua mchele.

Siku ya kura wanawake tulikuwa nje ya ghala na masufuria, chini ya dirisha. Mimi nilikuwa nimegeukia moto, lakini shoga yangu mmoja alinisimulia kila kitu anachokiona ndani. Mara Rais amesimama. Mara Rais amepita meza ya karani, hakusimama. Karani amemnyooshea wino, Rais amemtazama kama amemtukana. Mara Rais amekaa kwenye benchi la nyuma, ameinama. Muda mrefu, alisema. Watu watano wameandika wamemaliza, Rais bado. Nilikoroga wali ambao haukorogwi. Nikajikuta nasema moyoni, mkia, Baba, usisahau mkia. Nilikuwa naiombea kura ya adui ifike salama.

Alitumbukiza karatasi yake, watu wakampigia makofi kwa heshima ya uzee.

Wakaanza kusoma. Karani alizikunjua moja moja akatamka majina kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. Mume wangu, yule wa Nanyala, mume wangu, mume wangu, yule wa Nanyala. Walifuatana hivyo bega kwa bega mpaka wali ukashika chini. Kisha karani akakunjua karatasi nyingine, akatamka jina la tatu.

Mwanzoni sikulitambua. Miaka yote ile lilikuwa limekatazwa masikioni mwangu. Wifi zangu waligeuka wote kunitazama mimi, mmoja akaniziba masikio kwa mikono yenye masizi, na ndipo likaniingia. Z ilikuwamo. W ilikuwamo. Ile ya ng'ombe ilikuwamo, na mkia wake. Ghala zima lililipuka kwa vicheko na vigelegele: yuko mtu bado anamtaka mzee! Nani? Ni nani huyo? Shoga yangu alisema Rais mwenyewe ameinuka kwenye benchi na anatazama huku na huku, kama watu wengine, kumtafuta.

Mume wangu alipata arobaini na moja. Yule wa Nanyala, arobaini na mbili.

Mume wangu alilaani mpaka tukafika nyumbani. Laiti angemjua mpumbavu aliyepoteza kura kwa mzee asiyegombea! Alimtafuta kwa miaka, na kila aliyemshuku alimnyima miche ya kahawa. Sikumwambia. Ningepaswa kumkasirikia Baba kuliko mtu yeyote, maana kiti kile kilikuwa pia changu, na nilikitaka, nisidanganye. Nilikwenda jikoni nikijiandaa kukasirika. Mama mkwe alikuwa ameshakaa mlangoni. Hakuwa na ungo.

"Mama," ilisema sauti ya ukutani. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Baba. Dirishani."



"Karani hakukwama," alisema.

"Hakukwama, Baba."

"Alilisoma mara moja tu."

"Mara moja," nilimwambia, na machozi yalikuwa yananitoka. "Hata mimi nje nililisikia lote."